Badilisha mashine, anwani iache ilipo

(Hotuba kwa wasimamizi wa mifumo wa vyuo, hospitali na vyama vya akiba na mikopo, Dar es Salaam. Imewekwa yote kwa ajili ya waliokosa kufika.)

Ndugu mwenyekiti, wakuu wa vitengo vya TEHAMA, walimu wangu mlioko humu, na ninyi vijana mnaolala na simu chini ya mto kwa sababu ya seva: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie seva zilizozeeka, yaani zile kompyuta kuu zinazobeba mifumo yetu. Siizungumzii ile ya chumba cha nyuma ofisini, yenye ndoo ya kukinga maji ya kiyoyozi. Nazungumzia zile tulizopanga kwa watu wengine. Iko kwenye kituo cha data hapa mjini, au Nairobi, au Johannesburg, au Frankfurt. Kila mwezi inalipiwa, na wengi wetu hatujawahi kuiona kwa macho. Ilipangwa mwaka 2014 au 2015, ikawekewa mfumo endeshi wa siku hizo, ikaanza kazi. Na kwa kuwa inafanya kazi, hakuna anayethubutu kuigusa.

Niwaulize. Ni wangapi humu bado wana seva yenye mfumo endeshi wa CentOS 7? Nyoosheni mikono, msiogope.

Mnaona wenyewe. CentOS 7 iliacha kupata masasisho tarehe 30 Juni 2024. CentOS 6 iliachwa tangu Novemba 2020. Windows Server 2012 iliacha kupata masasisho ya usalama ya bure tarehe 10 Oktoba 2023. Tundu lolote la usalama linalogunduliwa baada ya tarehe hizo linabaki wazi kwenye seva yako, na anayelitafuta anajua hivyo kuliko wewe.

Tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilienea duniani kwa siku moja. Tundu kilimopitia lilikuwa limeshatolewa sasisho la kuliziba tangu tarehe 14 Machi mwaka huo huo. Miezi miwili ilikuwepo! Hospitali za umma za Uingereza zilizokuwa hazijasasisha mashine zao zilijikuta zinaahirisha miadi ya wagonjwa, na baadhi zikaelekeza magari ya wagonjwa kwenda hospitali nyingine. Mgonjwa aliyefunga safari asubuhi hiyo hakujua chochote kuhusu masasisho. Alijua tu kwamba ameambiwa arudi nyumbani.

Kwa hiyo suala la kuhama au kutohama sitalijadili, maana mnalijua. Nimezunguka kwenye taasisi nyingi, na kinachowazuia watu mara nyingi si fedha. Ni hofu. Na hofu yenyewe haiko kwenye seva, iko kwenye mtandao unaoizunguka. Mtu ananiambia: "Kaka, mashine mpya naweza kuiwasha hata leo. Lakini nikiigusa ile anwani, sijui nani atakatika."

Hiyo ndiyo hoja yangu ya leo, na nitairudia mpaka tuelewane: mashine ni ya kubadilishwa, anwani ni ya kutunzwa. Kampuni inaweza kuhama kutoka Kariakoo kwenda Mikocheni, ikabadilisha jengo, samani na walinzi, lakini S.L.P. yake ikabaki ile ile, na barua zote zikaendelea kufika. Seva nayo ihamishwe hivyo.

Hebu tuichukue anwani moja ya IP, ile namba inayoitambulisha mashine kwenye mtandao, ya seva ya chama cha akiba na mikopo chenye matawi mikoani. Nani anaijua anwani hiyo? Benki inaijua, kwa sababu imeiandika kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kuingia. Kampuni ya simu inayopokea malipo ya wanachama inaijua, kwa sababu njia ya siri ya VPN kati yenu ilijengwa kwa kutaja anwani mbili, yako na yao, kwenye fomu iliyosainiwa na watu ambao wengine wameshastaafu. Ruta za matawi zinaijua. Mashine ya alama za vidole iliyopo ukutani tawi la Sumbawanga inaijua, kwa sababu fundi alisimama pale akaichapa tarakimu kwa tarakimu kwa vitufe vile vidogo, na fundi huyo hayupo tena kazini. Seva za barua pepe za watu wengine zinaijua, na zimejifunza kwa miaka kwamba barua zinazotoka hapo si za matapeli. Anwani mpya haina historia hiyo. Barua zako za wiki ya kwanza zitaishia kwenye kapu la taka, hasa kama umesahau kumwomba mwenye kituo aandike rekodi ya kurudisha anwani kwenye jina, ile PTR, ambayo mara nyingi wewe mwenyewe huwezi kuiandika kwa sababu anwani ni zake.

Mmeona? Ukibadilisha anwani, hujabadilisha kitu kimoja. Umebadilisha vitu vya watu kumi, na kila mmoja ana kamati yake ya usalama, fomu yake na Ijumaa yake ya kufunga mabadiliko.

Na msidhani anwani ni kitu cha kuokota. Bohari kuu la dunia la anwani za IPv4 lilikwisha tarehe 3 Februari 2011. Hapa Afrika msajili wetu, AFRINIC, yuko kwenye mgao wa mwisho tangu Januari 2020, ambapo anayeomba hapewi zaidi ya anwani 1,024 kwa mara moja. Ukiirudisha yako kwa mwenye kituo leo, usitegemee kuikuta kesho.

Basi kabla hujachagua hata mashine mpya, mwandikie mwenye kituo. Nimesema mwandikie, usimpigie simu. Muulize: anwani hizi nilizonazo, zinaweza kuhamishiwa kwenye mashine nyingine? Katika VLAN ile ile, yaani kipande kile kile cha mtandao? Zikihamishwa, anayefanya ni mimi au ni nyinyi, na inachukua muda gani? Vituo vingi vina anwani za aina mbili. Kuna anwani kuu iliyofungwa kwenye mashine yenyewe, hiyo haihami. Na kuna anwani za ziada, ambazo mteja anaweza kuzihamisha kutoka seva moja kwenda nyingine.

Je, ukikuta ile ambayo dunia nzima inaijua ni ile iliyofungwa? Usikate tamaa, na usikimbilie kuhama. Omba anwani ya ziada, iweke kwenye seva ile ile ya zamani, iwe na anwani mbili kwa pamoja. Kisha anza kuwahamisha wenzako taratibu: benki mwezi huu, kampuni ya simu mwezi ujao, matawi yakifuata. Kila anayehamia anwani mpya bado anaikuta seva aliyoizoea, kwa hiyo kikiharibika kitu unajua kwamba tatizo ni anwani, halina uhusiano na mashine. Wote wakishahamia, sasa unayo anwani inayohamishika, na kazi ya kubadilisha mashine inakuwa ya usiku mmoja. Ni kazi ya miezi, nakubali. Lakini ni miezi ya kufanya jambo moja kwa wakati.

Lingine ambalo watu hawalitengei muda: kusikiliza. Usiamini mchoro wa mtandao uliopo ofisini. Mchoro unaeleza mtandao ulivyokusudiwa, seva inaeleza ulivyo. Ingia kwenye seva ya zamani, itazame kwa ss na tcpdump, zana zinazoonyesha nani anawasiliana nayo, andika kila anayeigonga mlango na kwenye mlango (port) gani. Hifadhi orodha ya anwani, njia, kanuni za faya-woli (ukuta unaochagua nani aingie), faili la hosts (orodha ya majina na anwani), na kazi zote za cron (zinazojiendesha kwa ratiba). Na sikiliza mwezi mzima, usisikilize siku moja! Mfumo wa mishahara unaamka mwisho wa mwezi. Ripoti ya mwaka wa fedha inaamka tarehe 30 Juni. Ukisikiliza Jumanne moja ya katikati ya mwezi utadhani nusu ya mtandao imekufa, kumbe imelala.

Sasa niwasimulie usiku mmoja, niliokuwepo. Ilikuwa taasisi ya fedha, sitaitaja. Seva mpya iliandaliwa vizuri, data imenakiliwa, anwani ile ile, VLAN ile ile. Saa nane za usiku vijana wakazima kiolesura, yaani kadi ya mtandao, cha seva ya zamani, wakaiwasha mpya kwa anwani ile. Kutoka seva jirani kwenye kabati hilo hilo, ping, ile amri ya kuuliza kama mashine ipo, inajibu vizuri. Kutoka nje, kimya. Wakajaribu kwa simu, kimya. Kutoka ofisini, kimya. Mkuu wa kitengo akaanza kusema turudi kwenye ya zamani.

Dada mmoja wa mtandao, aliyekuwa amenyamaza muda wote, akauliza: "Ruta inamjua nani?" Akaingia kwenye ruta, akafungua jedwali la ARP, linaloonyesha anwani ipi ya IP iko kwenye kadi ipi. Ile anwani ya IP ilikuwepo, lakini mbele yake imeandikwa anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho, ya kadi ya zamani. Ruta ilikuwa inapeleka kila kitu kwa mashine iliyozimwa kiolesura. Na ruta za Cisco, kama hakuna aliyebadilisha mpangilio, hushikilia kumbukumbu hiyo saa nne nzima. Seva jirani ilikuwa imesahau haraka na kuuliza upya, ruta haikuwa na sababu ya kuuliza. Yule dada akaiamuru seva mpya ijitangaze, amri moja ya arping, na trafiki ikamwagika pale pale. Ndugu zangu, saa nne za kukatika, au amri moja. Iandikeni kwenye mpango wenu.

Usiku ule haukuishia hapo. Wateja wa nje waliingia, matawi hayakuingia. Kwa nini? Kanuni za faya-woli zilinakiliwa kama zilivyo kutoka seva ya zamani, na zilisema: ruhusu matawi yanayoingia kupitia eth1. Kwenye seva mpya hakuna eth1. Mifumo ya Linux ya miaka hii huita kadi za mtandao kwa majina kama eno1 na enp3s0, kufuatana na zilipochomekwa. Na iptables, zana ya faya-woli ya Linux, haikulalamika! Ukiipa kanuni yenye jina la kadi isiyokuwepo, inaipokea, inaiweka, na inakaa inasubiri pakiti ambazo hazitakuja kamwe. Hakuna kosa kwenye kioo, hakuna mstari mwekundu. Kwa hiyo mnaponakili kanuni, someni kila jina la kadi kwa sauti, wawili wawili, mmoja asome na mwingine ahakikishe.

Nipite haraka kwenye jingine la aina hiyo. Mfumo mpya unakataa mambo ambayo wa zamani uliyakubali. Mifumo mingi ya sasa haikubali TLS 1.0 wala 1.1, matoleo ya zamani ya kulinda mawasiliano. OpenSSH, zana ya kuingia kwenye seva kutoka mbali, tangu toleo 8.8 la mwaka 2021 kwa kawaida haikubali sahihi za zamani za ssh-rsa zinazotumia SHA-1. Anwani itakuwa ile ile, mlango ule ule, na bado kompyuta kuukuu ya tawi itagomewa. Lijaribuni hilo mapema kwa kifaa halisi kutoka tawini, msijaribu kwa kompyuta yenu mpya.

Nije kwenye mlango wa pili, yaani njia ya akiba ya kuifikia seva mtandao wake ukikatika. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika kwa takriban saa sita. Mnaikumbuka siku ile? Biashara ngapi hapa kwetu zinapokea oda kwa WhatsApp? Kilichotokea ni amri moja ya matengenezo ya kawaida, iliyokusudiwa kupima uwezo wa mtandao wao wa ndani, ikakata viungo vyote kati ya vituo vyao vya data. Chombo cha kukagua amri kama hizo kilikuwa na hitilafu, hakikuizuia. Seva zao za DNS, zinazogeuza majina ya tovuti kuwa anwani, zilipoona haziwafikii wenzao, zikaacha kujitangaza, na majina yao yakatoweka kwenye intaneti. Wahandisi walipotaka kuingia kurekebisha, zana zao nazo zilipita kwenye mtandao ule ule uliokufa. Ikabidi watu waende kwa miguu yao kwenye vituo, wapite ulinzi, wafike kwenye mashine.

Ni kampuni yenye wahandisi bora duniani. Sasa wewe uko Mwenge, seva yako iko Frankfurt, na unabadilisha mpangilio wa kadi kupitia kadi hiyo hiyo. Ukikosea mask tu, ile namba inayoonyesha mipaka ya mtandao wako, nani ataenda Frankfurt kwa miguu? Kwa hiyo msiguse mtandao wa seva ya mbali kabla hamjafungua konsoli ya kituo, ile inayokuonyesha kioo cha mashine bila kupita kwenye mtandao wako. Ifungueni siku moja kabla, muone kama nywila bado inakubali. Tumieni amri zinazojirudisha zenyewe: netplan try itaurudisha mpangilio wa zamani baada ya sekunde 120 kama hujathibitisha, na iptables-apply hufanya vivyo hivyo kwa faya-woli. Na kumbukeni Mei 2024. Tarehe 12 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika, na intaneti yetu ikazorota nchi nzima. Kama ungekuwa katikati ya kuhamisha seva ya Ulaya siku ile, ungefanyaje? Muwe na mwenzenu mwenye njia nyingine, au makubaliano na fundi wa kituo kwamba simu yenu atapokea.

Wengine wataniambia: tuihamishe yote wikendi moja, tumalize. Benki ya TSB ya Uingereza ilifanya hivyo Aprili 2018. Wateja zaidi ya milioni 5 walihamishwa wikendi moja kwenda kwenye mfumo mpya. Data yenyewe ilihama salama. Jukwaa lililoipokea ndilo lililoshindwa kazi: hadi wateja milioni 1.9 walifungiwa nje ya akaunti zao, na benki haikurudi katika hali ya kawaida mpaka Desemba. Mkurugenzi mkuu akajiuzulu mwaka huo, na mwaka 2022 wasimamizi wakaitoza benki faini ya pauni milioni 48.65. Na hili liwakae: kulikuwa na vituo viwili vya data vilivyodhaniwa kuwa sawa. Majaribio ya kubeba mzigo yalifanyika kwenye kimoja tu. Kumbe mipangilio ya viwili hivyo haikufanana.

Basi, kama una seva tatu, hamisha ile isiyo na presha kwanza. Acha ikae wiki. Kisha ya pili. Hifadhidata iwe ya mwisho, na seva mpya iwe inapokea nakala ya papo kwa papo kutoka ya zamani siku kadhaa kabla. Kama kuna jina la DNS litakalobadilika, punguza TTL, yaani muda ambao wengine hukumbuka jibu la jina hilo, kutoka sekunde 86,400 hadi 300 siku mbili kabla, ukumbuke kuirudisha. Na andikeni saa ya kurudi. Mkisema saa kumi alfajiri, basi ikifika saa kumi mambo hayajakaa sawa mnarudi kwenye seva ya zamani, bila mjadala, hata kama mkuu anasema "bado kidogo". Kwa nini? Kwa sababu asubuhi wanachama wakishaanza kuweka fedha kwenye hifadhidata mpya, kurudi kunamaanisha kupoteza miamala ya watu.

Bakapu nayo. Usiku wa tarehe 10 Machi 2021 jengo la SBG2 la kampuni ya OVH, jijini Strasbourg, Ufaransa, liliteketea lote kwa moto. Ni kituo cha kupangisha seva kama hizi zetu. Mamilioni ya tovuti yalizimika. Mwanzilishi wa kampuni akawaambia wateja waanzishe mipango yao ya dharura, na wapo waliogundua asubuhi ile kwamba mpango wao ni bakapu iliyokuwa ndani ya eneo hilo hilo. Kabla ya usiku wa kuhama, bakapu iwe mji mwingine, na iwe imeshajaribiwa kurudishwa kwenye mashine tupu mpaka mfumo ukafunguka na mhasibu akasoma salio la mwanachama anayemjua.

Na siku ya kuirudisha seva ya zamani kwa mwenye kituo, msiirudishe na diski zenye data. Mashine ile itapangishwa kwa mtu mwingine. Benki ya Morgan Stanley ya Marekani iliikabidhi kazi ya kuondoa vifaa vyake vya zamani kampuni ya kuhamisha mizigo isiyo na ujuzi wa kufuta data. Vifaa vikauzwa, vikaishia kwenye mnada wa mtandaoni, vingine vikiwa na taarifa za wateja hazijafutwa wala kusimbwa, yaani kufungwa kwa ufunguo wa siri. Mwaka 2022 ikatozwa faini ya dola milioni 35. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inayofanya kazi tangu tarehe 1 Mei 2023, na taarifa zilizomo kwenye diski zile ni za wagonjwa wetu, wanafunzi wetu, mama ntilie wanaoweka akiba elfu mbili mbili.

Iacheni seva ya zamani hai mwezi mmoja, na anwani ya muda, muone kama kuna anayeendelea kuitafuta. Kisha futeni diski kupitia konsoli, ombeni barua ya kituo inayothibitisha, muiweke kwenye jalada. Na kwenye seva mpya, simbeni diski siku ya kwanza kabla data haijaingia, ufunguo mkae nao ninyi. Siku mkiirudisha hiyo nayo, kazi yenu itakuwa kuuharibu ufunguo.

Ndugu mwenyekiti, naomba tuingie kwenye maswali. Tuanze na wale ambao tarehe yao ya kuhama iko mwezi huu.